UKURASA WA MWALIMU: Watoto sita, ubao mmoja



Mnakumbuka ule upepo wa mwezi wa tatu. Ulikuja siku ya yenga mchana pamoja na mvua, ukabeba mabati ya shule yetu, mengine tukayakuta kwenye mihogo ya watu. Tukaambiwa wanafunzi wakae nyumbani wiki moja, mafundi watengeneze. Wiki hiyo ilitufundisha jambo sisi walimu wenyewe, tena kwa aibu kidogo. Ndilo tunalotaka kuwasimulia.

Sisi ni ndugu wawili, wote walimu wa kujitolea. Nyumbani kwetu wako watoto wanne wa dada yetu: binti wa miaka 14 aliye darasa la sita, mapacha wa miaka 8, na kitinda mimba wa miaka 4. Jirani naye akatuletea wawili: mvulana wa miaka 11 wa darasa la tano, na msichana wa miaka 6 aliyeanza la kwanza. Jumla sita. Ubao tulikuwa nao mmoja, ni mlango wa zamani tuliopaka masizi.

Jumatatu tulitaka kuigiza shule. Tuligonga sufuria kama kengele, tukawapanga mstari, tukaanza na hesabu kwa wote. Basi, ilikuwa vurugu! Wa darasa la tano anajibu kabla swali halijaisha, wa la kwanza analia hajui, mdogo kabisa anakula chaki. Kabla ya saa nne tulikuwa tumechoka kuliko siku nzima na wanafunzi mia moja.

Jumanne tukabadilisha. Mkubwa wa kike tulimpa mapacha na yule mdogo, sisi tukachukua wawili wa jirani. Mambo yakaenda vizuri ajabu. Aliwafundisha mapacha jedwali la 9 kwa vidole: fungua vidole vyote kumi, unataka 9 mara 4, kunja kidole cha nne kuanzia kushoto. Kushoto vimebaki 3, kulia 6, jibu ni 36. Mapacha walikunja vidole mpaka wakati wa kula sombe. Majirani waliopita wakasema, huyu ni mwalimu kabisa. Na sisi tukafurahi, tukajisifu kwamba tumepata dawa.

Jioni tulikusanya madaftari kusahihisha. Matano yalikuwa na kazi, hata la yule mdogo lilikuwa na michoro ya mbuzi. La sita lilikuwa na mstari mmoja tu: tarehe.

Tukamwita. Tukamuuliza kwa sauti ya kiualimu, mbona hukuandika? Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Akasema, "Mjomba, na mimi nilisoma saa ngapi?"

Tulikosa jibu. Tukahesabu siku yake. Alfajiri alikuwa kwenye foleni ya bomba. Akarudi akawasha moto, akamwogesha mdogo. Akafundisha mapacha. Mchana akapika, jioni vyombo. Huyu ndiye mwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mwaka huu. Ndiye pia aliyepoteza miaka miwili njiani wakati tunakimbia, ndiyo maana ana miaka 14 na anakaa benchi moja na wadogo zake. Sisi walimu wawili, tunaosimama kwenye mikutano kuwaambia wazazi wasiwabakishe wasichana nyumbani, tulikuwa tumembakisha nyumbani mbele ya ubao wetu wenyewe.

Usiku ule tukaongea na dada yetu na Mama. Tukakubaliana mambo mawili. Maji ya asubuhi yataletwa na sisi pamoja na mvulana wa jirani. Na saa mbili hadi saa tatu ni saa ya mkubwa peke yake: mmoja wetu anakaa naye, mwenzake anakaa na wengine wote. Hakuna kumtuma hata chumvi.

Jumatano tulianza hivyo. Baada ya saa yake, tukawapa wote kazi moja yenye ngazi tofauti. Tulisimamisha fimbo ya mita moja uani, tukaazima utepe wa fundi cherehani, tukapima kivuli kila saa. Mdogo aliweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Wa darasa la kwanza aliandika namba. Mapacha walipima. Wa la tano alitoa na kuchora. Saa tano kivuli kilikuwa sentimita 63, saa sita 31, saa saba 4 tu, saa nane kikawa kimeanza kurefuka upande wa pili, 23.

Mama alikuwa anachambua maharage, akasema, "Nyinyi mmekosea. Kwetu Fizi jua lilikuwa linasimama kichwani saa sita, siyo saa saba."

Watoto wakatutazama. Tukatoa daftari letu la jiografia la sekondari, tukampa mkubwa kazi hiyo. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 kila saa. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa 45 mashariki, lakini sisi hapa Nyarugusu tuko karibu na mstari wa 30. Akatoa: 15. Yaani saa moja nzima! Na saa ya Fizi na Uvira inafuata huo mstari wa 30. Basi Mama hakukosea, na fimbo haikukosea. Binti akawaeleza mapacha kwa Kiswahili akizungusha chungwa mbele ya taa ya tochi, kisha akaandika sentensi nne za Kifaransa kuhusu jambo hilohilo. Tulisahihisha makosa saba. Lakini aliandika!

Alhamisi tuliendelea hivyohivyo. Ijumaa, ndani ya saa yake, tukampa maswali ya hesabu ya mtihani wa zamani. Alipata 11 kwa 20. Kugawanya namba zenye koma hajui kabisa. Darasani hatukuwahi kuliona hilo, juu yeye hasumbui na wengine ni wengi. Sasa tunajua pa kuanzia.

Jumatatu shule ilifunguka. Ile saa yake tumeihamishia jioni, kabla giza halijaingia. Hatutawadanganya: siku nyingine inapotea. Siku ya mgao ilipotea, siku mdogo alipopata homa ilipotea. Na mvulana wa jirani analalamika kuhusu maji.

Wazazi, watoto wakibaki nyumbani tena, kwa mvua au kwa likizo, tunawaomba haya. Toeni kazi moja kwa wote, kila mtoto kwa ngazi yake. Maharage ya kuhesabu yanatosha, fimbo na kivuli vinatosha. Elezeni kwanza kwa lugha ya nyumbani, Kifaransa kifuate. Mkubwa afundishe wadogo, ni vizuri, naye anajifunza kwa kufundisha. Lakini jioni fungueni daftari lake yeye kwanza. Kama lina tarehe tu, jiulizeni siku yake imekwenda wapi. Asiyejua kusoma pia anaweza: ukurasa mweupe unaonekana na kila mtu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.