Ekzosi Iliyobadilishwa na Swali Lisiloulizwa Zahanati

Jioni katika njia panda ya Nyamuswa, pale barabara itokayo Bunda inapokutana na ile ya Butiama iendayo Sanzate na Natta, dereva wa bodaboda aliyebadilisha ekzosi hutambulika kabla hajaonekana. Pikipiki yenye ekzosi ya kiwandani huja kwa sauti ya chini. Ile iliyofungwa ekzosi nyingine, au iliyotobolewa na kuondolewa vyumba vya ndani vinavyopunguza kelele, hutanguliwa na mngurumo unaofika hadi madarasani na wodini. Wako wanaouita mngurumo huo fujo ya vijana, wakaishia hapo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na kwa watu wa afya ni hukumu inayowanyima taarifa wanazozihitaji.

Vijana hao wana sababu zao. Ekzosi ya awali huliwa na kutu kwa matope ya masika na vumbi la kiangazi, na mpya ya aina ileile ni ghali kuliko ya kubahatisha iliyoko dukani. Wengine huamini kwamba chombo hupata nguvu zaidi mlimani, hasa kinapobeba abiria wawili na gunia la mahindi. Wengine husema kelele ni kinga, kwa kuwa katika nchi ya wafugaji ng'ombe na watembea kwa miguu hupisha mapema. Katika haya kuna chembe ya ukweli. Lakini chembe hiyo huambatana na jambo ambalo aghalabu halisemwi na muuzaji wala fundi: bomba likibadilishwa, mafuta nayo hayana budi kupimwa upya.

Pikipiki nyingi za biashara zina kabureta. Hewa ikipita kwa kasi katika tundu lake jembamba, huvuta petroli kupitia kijitundu kiitwacho jeti, ambacho kiwanda kimekipima kulingana na hewa itakayoingia na moshi utakaotoka. Ili petroli iungue barabara, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Ekzosi iliyo wazi hurahisisha njia ya moshi, injini ikavuta hewa nyingi zaidi katika mwendo mkubwa, ilhali jeti imebaki ileile. Mchanganyiko huwa hafifu, injini hupata joto kupita kiasi, vali ya moshi huungua polepole, na dereva akiachia mafuta ghafla hulia milipuko mithili ya risasi. Mhudumu wa afya anaweza kulielewa jambo hili kwa haraka: mgonjwa amebadilika uzito, dozi imeachwa kama ilivyokuwa.

Fundi naye, akiisikia milipuko hiyo, hushika bisibisi. Huikaza au kuilegeza skrubu ya mchanganyiko pikipiki ikiwa imesimama, akasikiliza, akaridhika. Kosa liko hapo. Skrubu ile hutawala mafuta ya mwendo wa chini tu. Mwendo wa kati hutawaliwa na sindano ya kabureta, na mwendo wa kasi ni kazi ya jeti kuu. Kwa hiyo pikipiki hunguruma vizuri pale kijiweni, kisha huungua njiani kuelekea Sanzate. Fundi mwingine huipanua jeti kwa waya, bila kipimo chochote, na hapo tatizo hugeuka upande wa pili: petroli huwa nyingi kuliko hewa, moshi huwa mweusi, pesa ya mafuta huisha, na gesi ya kaboni monoksaidi huongezeka.

Njia sahihi si siri. Hununuliwa jeti zilizoandikwa namba, hubadilishwa hatua kwa hatua, kisha pikipiki huendeshwa kwa mzigo, huzimwa, na plagi hufunguliwa kutazamwa. Plagi nyeupe huonyesha mafuta kidogo, nyeusi yenye masizi huonyesha mafuta mengi, na rangi ya kahawia huonyesha uwiano mzuri. Kwa pikipiki mpya zisizo na kabureta, ambazo mafuta yake hupimwa na kompyuta, kazi hiyo hufanywa kwa kuiandikia kompyuta vipimo vipya, nayo huhitaji vifaa ambavyo karakana nyingi za vijijini hazina. Mwenye pikipiki ya namna hiyo hana sababu hata moja ya kugusa ekzosi yake.

Kwa nini haya yaandikwe katika jarida la afya? Kwa sababu matokeo yake hufika zahanati yakiwa yamevaa nguo nyingine. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Barabarani upepo huitawanya, na dereva anayekwenda hapati dozi kubwa. Hatari iko mahali pasipo na upepo: karakana iliyofungwa milango kwa sababu ya mvua huku fundi akipiga resi kujaribu kabureta, au kibanda ambamo injini huachwa ikiwaka. Anayeathirika hupata maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika mkoa wenye malaria kama Mara, dalili hizo zina jina tayari kabla mgonjwa hajaketi.

Ndipo linapohitajika swali ambalo haliulizwi: kazi yako ni ipi, na leo umeifanyia wapi? Kijana asiye na homa, ambaye kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, na ambaye hupata nafuu akiwa nyumbani kisha huumwa tena akirudi karakana, asipewe dawa ya malaria kwa mazoea. Isitoshe, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyotekwa na gesi hii. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliyesumika. Tiba ya kwanza ni kumpeleka mgonjwa kwenye hewa safi na kumpa oksijeni nyingi bila kungoja kipimo. Mjamzito aangaliwe kwa uzito zaidi, kwa maana himoglobini ya kijusi huishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko ya mama, na mtoto huweza kuumia mama akiwa bado anazungumza.

Masikio ni habari ndefu zaidi, kwa sababu hayapigi kelele yanapokufa. Kiwango kinachokubalika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Ekzosi isiyo na vyumba vya ndani huweza kupita desibeli 100. Kwa kiwango hicho muda salama ni dakika 15 tu kwa siku. Dereva wa bodaboda huwa juu ya chombo chake tangu alfajiri hadi usiku. Vinyweleo vya sikio la ndani vikiharibika havioti tena. Kwanza husikika mlio wa mfululizo usiku, kisha mtu huanza kuomba arudiwe maneno, kisha simu huwekwa sikio moja tu. Kijana wa miaka 25 anayesema hayo huambiwa ana nta masikioni, akasafishwa, akarudi barabarani. Bado dereva huyohuyo anatakiwa kusikia lori linalomjia nyuma, na hoja ya kelele kuwa kinga huanguka hapo: anayemwonya ng'ombe kwa mngurumo hujifunika masikio yake mwenyewe.

Kelele hiyo haimwachi asiyepanda pikipiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kwamba usiku ndani ya wodi wastani wa sauti usizidi desibeli 30, na sauti ya ghafla isizidi 40. Mama aliyejifungua jioni, ambaye mtoto wake amelala kwa shida, huamshwa na pikipiki moja tu inayopita saa nane usiku. Tanzania inazo Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015. Kanuni bila kipima sauti mkononi mwa msimamizi hubaki karatasi. Na kukamata pikipiki za vijana siku moja kwa kishindo, kisha kunyamaza miezi sita, hakujawahi kumponya mtu sikio.

Liko pia jeraha linaloonekana wazi, nalo ni la moto. Ekzosi nyingi za kubahatisha hazina kinga ya bati inayozuia joto lisiguse mguu, na mchanganyiko hafifu wa mafuta huzidisha joto hilo. Nyuzi 70 za Selsiasi zinatosha kuunguza ngozi kwa muda wa sekunde moja hivi, na bomba la moshi hupita hapo kwa mbali. Abiria wa khanga au kitenge, anayeshuka upande wa bomba, huungua ndani ya ndama ya mguu. Mtoto huungua akishikilia. Maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 ndiyo dawa ya mwanzo, wala si dawa ya meno, wala mafuta ya kula, wala unga. Kidonda kikubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au kilichogeuka cheupe kisichouma, kisiuguzwe nyumbani, na chanjo ya pepopunda iulizwe.

Lawama kwa dereva peke yake haitoshi. Fundi ndiye mtu wa kwanza wa afya katika mlolongo huu, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo. Muhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kaya kwa kaya kuzungumzia vyandarua anaweza kusimama robo saa karakana, akaomba milango ifunguliwe injini inapowashwa, akaeleza habari ya plagi ya kahawia na ya jeti kuu. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda, ambao wanachama huwasikiliza kuliko polisi, wanaweza kukubaliana kwamba ekzosi ikioza inanunuliwa yenye vyumba vya ndani na kinga ya joto, hata kwa kuchangiana kama wanavyochangiana msibani. Na zahanati, pamoja na umri na kijiji, kazi ya mgonjwa nayo iandikwe. Aghalabu huandikwa "mkulima" hata kwa kijana aliyeingia na kofia ngumu mkononi.