Adui Si Jina la Mtu

Mnadani Karatu, na hata ofisini, utamsikia mtu akisema, "Muulize yule Mang'ati." Anayesema hivyo mara nyingi hana chuki. Ndiyo maana nasema neno hili ni baya kuliko tusi la mlevi, kwa kuwa mlevi anajua kwamba anatukana.

Mang'ati si kabila. Ni neno la Kimaasai, na maana yake ni adui. Kabla Wamaasai hawajafika, waliokuwa wakichunga ndani ya kreta ya Ngorongoro ni Wadatoga. Walipigana, na katika karne ya 19 Wadatoga wakashindwa, wakasogea pande za Ziwa Eyasi, Mbulu na Hanang. Makaburi ya wakubwa wao yakabaki. Mmaasai aliposema mang'ati alitia na heshima, maana alimkusudia adui anayestahili kupigana naye. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuliliokota neno vitani, heshima tukaiacha huko huko, tukarudi na uadui.

Wako watakaosema: jina limekwisha zoeleka, lina ubaya gani? Waingereza wa kale waliwaita jirani zao wa magharibi kwa neno lenye maana ya mgeni, ambalo baadaye likawa na maana ya mtumwa pia. Ndilo lililozaa jina Welsh. Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. Fikiri, msomaji: mwenyeji aitwe mgeni na yule aliyemkuta nchini! Karne nyingi za mazoea hazijaufanya uongo ule kuwa kweli.

Tena jina lina kazi yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, huko Basotu, Hanang, Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, walipoteza malisho yapatayo ekari 100,000 kwa mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada. Sisemi kwamba jina ndilo lililochukua ardhi. Nasema kwamba aliyekwisha kuitwa adui, akiondolewa, jirani hashtuki.

Ninachodai hakina gharama. Mhunzi wa Mang'ola anayefua vyembe vya mishale ya Wahadzabe ni Mdatoga. Aandikwe hivyo zahanati, shuleni na barazani. Nao Wahadzabe tuache kuwaita Watindiga. Usipolijua jina la watu, waulize wenyewe. Usimuulize aliyepigana nao.