Kibanja si chupa: kinachotoka lazima kirudi



Mwanangu wa darasa la nne alipewa vifaranga vitatu vya perege na mkulima mmoja mwenye bwawa. Akaviweka kwenye chupa kubwa ya kioo dirishani, akawa anavitupia ugali asubuhi na jioni. Siku ya nne maji yalinuka na vyote vilikuwa vinaelea. Mtoto alilia sana.

Tukaanza upya pamoja. Tuliweka tope kidogo la bwawani na majani ya majini, tukakaa wiki sita bila samaki. Ndipo tukaweka kifaranga kimoja tu, na chakula chembe chembe. Huu ni mwezi wa pili, kinaogelea.

Siri ni nini? Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kwenye tope na majani kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanalijua hilo, ndiyo maana hawaharakishi kuweka samaki.

Shambani ni vilevile. Anayemwaga samadi mbichi kwenye shina la mche wa kahawa anafanya kosa la mwanangu: chakula kingi kabla wa kukisaga hawajafanya kazi yao. Weka samadi lundoni chini ya kivuli, ifunike, igeuze, ipe miezi mitatu. Ikiiva hainuki, inafanana na udongo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Marekani wanauza tufe la kioo lililozibwa kabisa. Ndani kuna maji, mwani, bakteria na uduvi wadogo wekundu wa asili ya Hawaii. Hakuna anayewalisha, na wanaweza kuishi miaka kadhaa. Wapo wanaofundisha kilimo cha kudumu, au permakalcha, kwa mfano kama huo: panda mchanganyiko, funika udongo, halafu shamba litajiendesha lenyewe.

Mimi sikubaliani. Tufe lile linaishi kwa sababu hakuna anayevua uduvi akaupeleka sokoni. Na hata humo ndani, kwa kawaida uduvi hawazaliani. Wanaishi tu. Wewe hutaki shamba la kuishi tu. Unataka ada ya shule na bati za nyumba.

Kilimo cha mchanganyiko si kigeni kwetu. Bill Mollison na David Holmgren wa Australia walitoa kitabu chao cha kwanza cha permakalcha mwaka 1978. Wakati huo bibi zetu walikuwa na kibanja siku nyingi: migomba juu, kahawa chini yake, maharage chini kabisa. Lakini kibanja hakikujilisha chenyewe. Ng'ombe walikula nyasi za rweya mchana, usiku wakalala nyumbani, na samadi ikaenda kwenye migomba. Majani ya kutandaza nayo yalikatwa rweya. Rweya ilikuwa inalisha kibanja.

Leo rweya imegawanywa, nyingine imepandwa miti, na nyumba nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Huku kuingiza kumepungua, kutoa kumeongezeka. Fuso linapakia mikungu Nkwenda na Omurushaka. Mgomba hula sana potasiamu, na sehemu kubwa ya potasiamu hiyo inaondoka na mkungu. Kahawa tunauza ya maganda, kwa hiyo hata ganda linabaki kiwandani. Halafu mkulima ananiuliza, "Bwana shamba, mbona mikungu inazidi kuwa midogo?"

Utaniambia majani na magogo ya migomba yote unayaacha shambani. Unafanya vizuri, endelea. Lakini hiyo ni mali iliyokuwa humo tayari. Kilichopanda Fuso bado hakijarudi.

Nashauri mambo manne.

Kwanza, chukua daftari, chora safu mbili: kilichotoka na kilichorudi. Andika kila mkungu, kila gunia, kila debe la samadi. Safu ya pili ikiwa tupu, unauza udongo wako.

Pili, usimwage jivu la jikoni njiani. Lina potasiamu na hupunguza uchachu wa udongo. Litandaze kidogo kidogo kuzunguka migomba. Usilichanganye na samadi mbichi, maana naitrojeni itapotea hewani.

Tatu, kupitia AMCOS yako, ulizeni utaratibu wa kurudishiwa maganda ya kahawa. Yasiingie shambani yakiwa mabichi, kwa sababu yanaweza kubeba mnyauko fuzari. Yaozesheni kwanza mpaka yawe mboji iliyoiva. Maganda ya ndizi kutoka sokoni nayo yapite kwenye lundo, tukikumbuka mnyauko wa migomba uliotuingilia Kagera mwaka 2006.

Nne, kila mwanzo wa mvua, Septemba na Machi, anza walau na debe moja la samadi iliyoiva kwa kila shina la mgomba. Kama haikutoshi, anza na mashina yaliyo karibu na nyumba, yamalize, kisha songa mbele. Kunyunyizia kidogo shamba zima hakuonekani.

Ndugu mfanyabiashara, nawe linakuhusu. Mkungu ukiwa mdogo, gari lako linajaa lakini bei inashuka. Pickup inayorudi kijijini tupu inaweza kubeba samadi kutoka kwa wafugaji au maganda kutoka kiwandani. Mkulima atanunua, nawe utapata mikungu ya kueleweka mwakani.

Mwanangu hauzi samaki wake, ndiyo maana chupa yake inatulia. Sisi tunauza, kwa hiyo turudishe. Tukutane shambani.