Fundi Si wa Kuchekwa

Fundi wa Kilindoni akimwaga yurethani kwenye mauntingi ya injini iliyochoka, asingoje mpya ivuke bahari kutoka Dar es Salaam, wapo wasomi watakaomcheka. Nawapinga. Kazi ile ni somo zima: kusafisha chuma ili yurethani ishike, kupima vimiminika viwili kwa uwiano wake, kuchagua ugumu, ukizidi, mtikisiko wa injini huhamia kwenye bodi. Mvuke wake nao hudhuru mapafu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alikataa elimu inayomtenga msomi na kazi ya mikono. Fundi asiyefundishwa hubahatisha. Basi anayecheka na avae glavu, aje gereji afundishe vipimo.