Mwana anataka uwakili? Ulizeni leseni kwanza

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kuna nyumba nyingi hapa mjini ambamo mazungumzo ya jioni huwa ni yale yale. Mwana amepata alama nzuri na anataka kuwa wakili. Baba anapiga hesabu ya kodi ya chumba na nauli ya matatu kwa miaka minne, na uso unamkunjana. Hapo ndipo shangazi aliyekuja kutoka Kitui hutia neno: mbona asisomee kule nyumbani, katika chuo cha serikali, ale chakula cha nyanyake?

Shauri la shangazi si la kupuuzwa. Zamani hapakuwa na la kuchagua. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961 na cha Nairobi mwaka wa 1970, kwa hivyo kijana wa Ukambani aliyetaka sheria alifunga safari. Dkt Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia 2011 hadi 2016, alisomea Dar es Salaam. Siku hizi vyuo vimesogea karibu na watu. Kile cha SEKU, kilichoanza mwaka wa 2008 kama tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi mahali palipokuwa chuo cha kilimo cha Ukamba, kilipewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2013. Makao yake ni Kwa Vonza, Kitui, na kina tawi mjini Wote, Makueni.

Basi chuo cha umma kikifundisha sheria katika sehemu kama hizo, mwanafunzi hupata nini ambacho mwenzake wa Nairobi hana? Msidhani ni unafuu wa kodi pekee. Sheria ya ardhi, kwa mfano, husomwa vitabuni kokote, lakini Kitui na Makueni inatembea barabarani. Kuna familia zilizohamishwa kupisha bwawa la Thwake, na kuna wenye mashamba katika bonde la Mui ambao wamesikia habari za makaa ya mawe miaka nenda miaka rudi. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015, kwa sababu mchanga wa mito mikavu ndio unaoficha maji ambayo akina mama huyachimba wakati wa kiangazi. Mwanafunzi anayetaka kujua serikali ya kaunti ina mamlaka gani hana haja ya mfano wa kubuni.

Na liko jambo la iweto. Mila ya Wakamba humruhusu mwanamke asiyejaliwa mtoto kumwoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa waendeleze jina na boma. Mzee akifa, je, watoto hao wanarithi? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haikuandikwa kwa kuwafikiria wao, na mahakama zimelazimika kuamua kesi za namna hiyo. Mwalimu akilileta swali hili darasani Kitui, nusu ya wanafunzi watakuwa na nyanya wa kumwuliza. Mimi naona hiyo ni maktaba ambayo fedha hazinunui.

Fauka ya hayo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavitambua vyuo vikuu vinavyoendesha kliniki za kuwasaidia wanyonge bila malipo. Chuo kikiwa na kliniki hai, mwanafunzi hukutana na mjane mwenye shida halisi kabla hajapata shahada. Chuo kisichokuwa nayo kiulizwe sababu.

Sasa tuje kwenye uchungu. Yote hayo hayafai kitu ikiwa chuo hakina leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Hati ya chuo kikuu haitoshi, na jina kubwa halitoshi. Mwaka wa 2015 Baraza liliamuru shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Moi ifungwe, na hicho ni chuo cha umma cha tangu 1984. Hebu fikiria mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe watatu wakati huo! Kwa hivyo, kabla ya kujaza chaguo katika KUCCPS, pata orodha ya Baraza lenyewe, wala si tangazo la chuo. Tazama leseni inataja kampasi ipi na inaisha lini. Kisha uliza kama masomo 16 ya lazima yanayotajwa katika Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012 yanafundishwa yote, yakiwemo mikataba, ushahidi, katiba na sheria ya kazi.

Jingine ambalo wazazi hulisahau ni kwamba shahada haimfanyi mtu wakili. Baada ya miaka minne kuna Kenya School of Law kule Karen, na huko kuna karo nyingine, mitihani tisa ambayo wengi huirudia, na miezi sita ya kufunzwa katika ofisi ya wakili. Nairobi iliyokwepwa mwanzoni inangoja mwishoni, basi fedha zake ziwekwe mapema.

Tena itazame ile karatasi ya KCSE. Sheria inataja gredi ya C+ kwa jumla, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, wanaokidharau wasome tena. Wako waliopanda ngazi kwa stashahada, wakapata shahada, kisha wakaukuta mlango wa Karen umefungwa kwa sababu ya alama za sekondari, wakaishia kwenda mahakamani kama wadai badala ya mawakili. Mwenye alama pungufu na apate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Na kabla ya hayo yote, mpeleke mwana mahakamani Kitui au Makueni siku ya kazi. Kesi husikizwa hadharani na hakuna kiingilio. Mkae nyuma kimya tangu asubuhi, mmsikilize mkalimani akigeuza Kikamba kuwa Kiingereza, mwone kesi ya shamba ikiahirishwa kwa mara ya nne na mzee akitafuta nauli ya kurudi. Mkitoka, mwulize kama bado anaitaka kazi hiyo.