MALALE: DENI LETU KWA WATU WA TINDE



Sisi tunaozunguka matawini hapa Nsemulwa twakutana mara kwa mara na warina asali, wachoma mkaa na wafugaji waliotoka porini na homa. Habari zao hufanana. Wamepimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, hawakuonekana nayo, wakapewa vidonge vya maumivu, wakarudi nyumbani. Hatumlaumu muuguzi. Twauliza jambo moja tu: nani ameitazama damu ile kwa hadubini? Nchi yetu ya Mpanda ni nchi ya mbung'o, mbung'o huleta malale, na kipimo cha malaria hakivioni vijidudu vya malale.

Malale si hadithi ya mbali. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa magharibi ya Tanganyika, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwatenga na mbung'o. Watu waliacha mashamba, mizinga na makaburi ya wazee wao. Huko walikotoka pakarudi pori, na pori likawa makao ya mbung'o.

Wakati huo huo wataalamu walikuwa na swali gumu: je, vijidudu hivi vikikaa miaka mingi katika wanyama, bado vyaweza kumwambukiza mtu? Jibu lilitafutwa Tinde, karibu na Shinyanga. Kuanzia miaka ya 1930, vijidudu vilivyotoka kwa mgonjwa vilipitishwa na mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na paa hadi paa, na kila baada ya muda mbung'o hao waliachwa wamwume mtu. Taarifa iliyotolewa mwaka 1955 ilieleza kazi ya miaka 18, na jibu likawa: ndiyo, bado vyamwambukiza.

Mwaka 1958, nchini Kenya, vijidudu vilitolewa katika damu ya pongo, akachomwa navyo mtu mmoja, naye akaugua. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mnyama wa porini hubeba malale ya binadamu, ingawa mwenyewe haonekani kuumwa.

Watu hao waliitwa watu wa hiari. Hiari ya mtu aliyetawaliwa ni neno la kufikiriwa sana! Wataalamu waliandikwa majina yao katika vitabu. Lakini ni nani kati yetu awezaye kumtaja hata mmoja wa Waafrika waliotoa mikono yao iumwe?

Na dawa je? Suramini ilianza kutumika miaka ya 1920, lakini haifai kitu vijidudu vikishaingia ubongoni. Mwaka 1949 ikatangazwa melasoproli, sindano iliyotengenezwa kwa arseniki, ambayo ni sumu. Iliwaokoa wengi, lakini iliua mgonjwa mmoja katika kila ishirini, pengine na zaidi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotanguliza vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Na dawa za malale hutolewa bure.

Basi elimu ipo, na dawa ipo. Vyote viwili vimelipiwa na miili ya Waafrika. Itakuwa aibu gani mrina asali wa Mpanda akifa leo kwa kuwa hakuna aliyeitazama damu yake?

Watu watasema wagonjwa wa malale siku hizi ni wachache. Ni kweli, walioandikwa ni wachache. Lakini asiyepimwa haandikwi, na asiyeandikwa hahesabiwi.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, kila zahanati iliyo karibu na pori iwe na njia ya kupata hadubini na mtu anayejua kuitumia. Madiwani wetu walidai jambo hili katika vikao, wasingoje kuombwa. Pili, kila mtu atokaye porini na homa amwambie mganga alikokuwa, aonyeshe na kidonda kama kipo mahali alipoumwa na mbung'o. Tatu, mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, akilala mchana na kukesha usiku, viongozi wa mashina wasikubali aambiwe amerogwa. Apelekwe hospitali siku ile ile, kwa maana malale yetu haya huua katika miezi michache.

Tulipopata Uhuru tulitangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi. Katika malale, ujinga na maradhi ni adui mmoja. Watu wa Tinde walikwisha lipa sehemu yao. Iliyobaki ni yetu, nayo ni ndogo: tone la damu na jicho la kulitazama.