TAHARIRI: Watu 52 Tu, Basi Moja Linawabeba

Vijana wenzangu, nianze na stori ya nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 9. Mwaka jana baba yake alifariki kwa ajali ya bodaboda. Baada ya matanga dogo akaanza kukojoa kitandani, na darasani akawa haongei kabisa. Shuleni akachapwa, eti ana kiburi. Zahanati wakampima malaria, wakampa dawa za minyoo. Miezi minne ikapita hivyo, na hakuna mtu mzima hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyejua namna ya kumuuliza: baba unamkumbuka?

Simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika, wala tabibu wa zahanati. Hata wangeshtuka, wangempa rufaa aende kwa nani?

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu nusu wana umri chini ya miaka 18. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14. Yaani yanaanzia shule ya msingi. Lakini ikifika Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili, tunachoona ni kongamano na fulana. Fulana haitibu mtoto bana.

Kwani mtu anakuwaje mwanasaikolojia tiba wa watoto? Semina ya siku tatu hotelini haimtoi. Anasoma shahada ya kwanza, halafu uzamili, kama ule unaotolewa na MUHAS pale Muhimbili. Na vitabu peke yake havitoshi. Lazima akae na watoto wenyewe huku mtaalamu mzoefu anamwangalia na kumsahihisha. Maana mtoto haji akasema ana huzuni. Anasema tumbo linauma, kila Jumatatu asubuhi. Mwanafunzi afundishwe kumwelewa kupitia michezo na michoro, kuongea na mama bila kumfanya ajione mkosaji, na kutofautisha mtoto mwenye msiba na mwenye usonji. Tena vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Mtoto wa Namtumbo asije akaandikwa hana akili kwa sababu ameulizwa kitu ambacho hajawahi kukiona.

Sasa tazama tunapokwama. Mikopo ya elimu ya juu kwa sehemu kubwa inawafuata wa shahada ya kwanza, uzamili mtu anajitafutia. Wa kuwasimamia wanafunzi kwa vitendo ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Ukimaliza, unazunguka na bahasha kama wengine.

Kuna watakaosema tusubiri, kwanza maji na madawati. Maji tunayadai pia. Ila mtaalamu huyu haandaliwi chini ya miaka 5. Tukianza leo, mtoto aliyeko chekechea atampata akiwa darasa la tano. Tukisubiri, hatampata.

Tunachodai ni hiki. Serikali ilipe uzamili wa vijana hawa kwa masharti ya kwenda kufanya kazi mikoani. Kila hospitali ya rufaa ya kanda iwe na mkufunzi wa kuwasimamia kwa vitendo. Na nafasi zao ziwekwe kwenye ikama kabla hawajamaliza chuo. Tanzania Bara ina mikoa 26. Tukianza na wawili kila mkoa ni watu 52, basi moja la mkoani linawabeba wote. Nchi inayonunua mashangingi kila mwaka inashindwa hapo?

Na sisi tusijifanye malaika. Majukwaani tunadai katiba mpya na tume huru, sawa kabisa, lakini hili hatulisemi. Liingie kwenye ilani yetu, na hesabu yake ioneshwe.

Diwani au mbunge akipita mtaani kwako, awe wa kwao au wa kwetu, muulize: hospitali ya mkoa wetu ina mtaalamu wa saikolojia ya watoto? Kama haina, nani anasomeshwa sasa hivi? Akikujibu habari za semina, rudia swali.

Dogo ameanza kuongea kidogo kidogo. Ana shangazi mmoja mwenye subira, anakaa naye jikoni jioni wanamenya viazi. Wasio na shangazi wa hivyo je?